UZI: SNAT na DNAT bila kubahatisha (MikroTik na Linux)

#1 FundiPakiti

Wakuu, salaam.

Swali la "nimefungua poti lakini haifunguki" linajirudia kila wiki humu, na majibu ni yaleyale: weka masquerade, zima faiawoli, washa ruta upya. Tulimalize.

Anwani za mifano: IP ya umma 203.0.113.10, mtandao wa ndani 192.168.88.0/24, ruta 192.168.88.1, DVR ya kamera 192.168.88.20. Mteja wa nje ni 198.51.100.7. Hizo 203.0.113 na 198.51.100 zimetengwa kwa ajili ya mifano tu, msizibandike kwenye ruta zenu.

Pakiti ya TCP au UDP ni bahasha yenye mambo manne juu yake: IP na poti ya mtumaji, IP na poti ya mpokeaji. NAT ni ruta kubadilisha anwani hizo pakiti inapopita. SNAT inafuta na kuandika upya upande wa mtumaji. DNAT inafuta na kuandika upya upande wa mpokeaji. Tofauti ni hiyo tu. Wengi wanakariri kwamba SNAT ni "ya kutoka" na DNAT ni "ya kuingia", wanakwama siku wanapohitaji zote mbili kwa pakiti moja (na siku hiyo itafika, subirini suala la hairpini, yaani aliye ndani anapoita IP ya nje, hapo chini).

Jambo la pili, ambalo likieleweka nusu ya matatizo yanaisha: kanuni za NAT husomwa kwa pakiti ya kwanza tu ya muunganisho. Ruta inaandika kilichobadilishwa kwenye jedwali la miunganisho, halafu pakiti zote zinazofuata, za kwenda na za kurudi, zinafuata jedwali bila kuuliza kanuni tena. Kwa hiyo:

– Huandiki kanuni ya kurudisha jibu. Ukiweka DNAT ya kuingia, jibu likitoka ruta inatangua yenyewe. Ukiona mtu ameandika "DNAT ya kwenda na SNAT ya kurudi", hajaelewa.

– Kaunta ya kanuni ya NAT inahesabu miunganisho mipya, haihesabu pakiti zote. Kaunta ikisoma 3 huku video inatiririka, hakuna hitilafu.

– Ukibadilisha kanuni, muunganisho uliokuwepo unaendelea na tafsiri ya zamani. Ping iliyoachwa inaendelea tangu asubuhi haitakuonyesha mabadiliko. Futa kwanza: `conntrack -F` kwenye Linux, au `/ip firewall connection remove [find]` kwenye MikroTik. Kumbuka hiyo inaweza kukata kila kitu, ukiwemo wewe uliyeingia kwa mbali.

Na jibu lazima lirudi kupitia ruta ileile yenye jedwali. Likipita pengine, hakuna wa kutangua tafsiri, na aliyeuliza atapokea jibu kutoka kwa mtu asiyemjua. Litupieni jicho hilo kila mara.

---

#2 FundiPakiti

Mpangilio wa hatua ndani ya ruta, upande wa Linux (RouterOS, mfumo wa MikroTik, nayo imejengwa juu ya kerneli ya Linux, mantiki ni ileile):

pakiti inaingia → DNAT (PREROUTING / dstnat) → ruta inaamua njia → faiawoli ya FORWARD → SNAT (POSTROUTING / srcnat) → inatoka

DNAT iko kabla ya uamuzi wa njia kwa sababu ruta haiwezi kuchagua njia bila kujua mpokeaji halisi. SNAT iko mwisho kwa sababu ruta haiwezi kuchagua IP ya kuvaa kabla ya kujua inatokea mlango gani.

Sasa angalia FORWARD ilipokaa. Katikati. Faiawoli inaona mpokeaji mpya na mtumaji wa zamani. Ukiwa umefungua 8443 nje kwenda 443 ndani, kanuni ya FORWARD inaandikwa 443 na IP ya ndani (eth0 ni mlango wa nje, eth1 wa ndani):

```
sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1
iptables -t nat -A PREROUTING -i eth0 -d 203.0.113.10 -p tcp --dport 8443 -j DNAT --to-destination 192.168.88.20:443
iptables -A FORWARD -i eth0 -o eth1 -d 192.168.88.20 -p tcp --dport 443 -j ACCEPT
iptables -A FORWARD -m conntrack --ctstate ESTABLISHED,RELATED -j ACCEPT
iptables -t nat -A POSTROUTING -s 192.168.88.0/24 -o eth0 -j SNAT --to-source 203.0.113.10
```

Anayeandika `--dport 8443` kwenye FORWARD atasubiri mpaka kesho. Ile 8443 ilishafutwa hatua mbili nyuma. Na hiyo `ip_forward` ya mstari wa kwanza inapotea mashine ikizimwa, iandike kwenye faili ndani ya `/etc/sysctl.d/`.

Muunganisho ukishakaa, `conntrack -L` inaonyesha hivi:

```
tcp 6 431999 ESTABLISHED src=198.51.100.7 dst=203.0.113.10 sport=51514 dport=8443 src=192.168.88.20 dst=198.51.100.7 sport=443 dport=51514 [ASSURED]
```

Nusu ya kwanza ni pakiti ilivyofika. Nusu ya pili ni jibu ambalo ruta inalitarajia. Jifunze kuusoma mstari huu, hutahitaji kuuliza mtu tena. Hizo 431999 ni sekunde zilizobaki: Linux inaweka siku 5 kwa TCP iliyokamilika.

Upande wa MikroTik (ether1 ni mlango wa nje):

```
/ip firewall nat add chain=srcnat out-interface=ether1 action=masquerade
/ip firewall nat add chain=dstnat in-interface=ether1 protocol=tcp dst-port=8443 action=dst-nat to-addresses=192.168.88.20 to-ports=443
```

Faiawoli ya kiwandani ya MikroTik ina kanuni ya forward inayotupa kila kitu kipya kutoka WAN (upande wa intaneti) isipokuwa kilichopita dstnat (`connection-nat-state=!dstnat`). Ndiyo maana kwenye MikroTik mpya DNAT inafanya kazi bila kuongeza kanuni ya forward, na kwa aliyejiandikia faiawoli yake mwenyewe haifanyi.

---

#3 mama_seva

Uzi safi. Niongeze kwenye masquerade dhidi ya SNAT, maana watu wanaziona ni kitu kimoja.

Masquerade ni SNAT inayojitafutia IP: inachukua iliyoko kwenye mlango wa kutokea wakati huo. Inafaa pale IP inapobadilika, kama PPPoE au laini ya simu. Mlango ukizima, inasahau miunganisho iliyopitia hapo, jambo zuri kwa sababu IP ikirudi tofauti, miunganisho ya zamani ni maiti.

SNAT yenye IP iliyoandikwa ni ya mwenye IP ya kudumu, hasa zikiwa kadhaa. Mfano unaowagusa wengi huku kwetu: mfumo wa malipo wa upande wa pili umeruhusu IP moja tu kwenye orodha yao. Ruta ina 203.0.113.10 hadi .14, orodha yao ina .12. Masquerade itatoka na .10, na kila ombi litakataliwa. Hapo ni:

```
/ip firewall nat add chain=srcnat src-address=192.168.88.30 out-interface=ether1 action=src-nat to-addresses=203.0.113.12
```

na iwe juu ya masquerade. Kanuni ya kwanza inayolingana ndiyo inayochukua, za chini hazisomwi.

Halafu kosa baya kuliko yote: masquerade isiyo na `out-interface`. Inavalisha IP ya ruta kila kitu, hadi pakiti zinazoingia kutoka nje kwenda kwenye seva. Matokeo yake logi za seva zinaonyesha wateja wote wa dunia ni 192.168.88.1. Programu ya kufungia wavamizi itaifungia ruta yenyewe, na wote wanakatika kwa pamoja. Seva ya barua pepe inayoamini mtandao wa ndani nayo itamwona mtuma barua taka kama mwenyeji, itamtumia barua zake kwa moyo mkunjufu, na IP yako inaishia kwenye orodha nyeusi.

---

#4 nyangumi254

Wadau wa Nairobi tupo. Swali: DVR inafunguka vizuri kwa simu ikiwa kwa bando. Simu ikiingia wifi ya ofisini, anwani ileile haifunguki. Kanuni ni kama ya #2, `in-interface=ether1`.

---

#5 FundiPakiti

@nyangumi254 hapo kuna makosa mawili yaliyolaliana, ndiyo maana wengi wakirekebisha moja wanasema "bado".

La kwanza: simu iko ndani, pakiti yake inaingia kwa bridge (mlango wa pamoja wa ndani), haiingii kwa ether1. Kanuni hailingani. Badala ya mlango, tumia anwani: `dst-address=203.0.113.10`. Kama IP inabadilika, `dst-address-type=local dst-address=!192.168.88.1`, yaani "IP yoyote ya ruta hii isipokuwa ile ya ndani".

La pili ni hairpini yenyewe. Simu 192.168.88.50 inapiga 203.0.113.10. DNAT inageuza mpokeaji kuwa .20. DVR inapokea, inamwona mtumaji ni .50, jirani yake wa mtandao uleule. Inamjibu moja kwa moja bila kupita tena kwenye ruta. Simu inapata jibu kutoka .20 wakati iliita 203.0.113.10, inalikataa kwa RST (pakiti ya kukata muunganisho). Jibu halikurudi kwa njia yenye jedwali, kama ilivyosemwa #1.

Dawa ni kuilazimisha DVR ijibu kupitia ruta, kwa kubadilisha na mtumaji pia:

```
/ip firewall nat add chain=srcnat src-address=192.168.88.0/24 dst-address=192.168.88.20 protocol=tcp dst-port=443 action=masquerade
```

Tazama: srcnat iko mwisho, kwa hiyo `dst-address` na `dst-port` hapo ni zile mpya. Gharama yake ni kwamba DVR itaona watu wa ndani wote ni ruta. Kwa kamera haina neno.

Njia nyingine ni kuweka jina kwenye DNS ya ruta (`/ip dns static`) lielekee 192.168.88.20 kwa walio ndani. Ni safi zaidi, ila poti ya nje na ya ndani lazima zifanane kwa sababu DNS haijui poti, na simu ya Android yenye DNS binafsi haitaiuliza ruta yako.

---

#6 kijana_wa_tegeta

Mkuu, kanuni iko sawa kabisa, kaunta ni 0 haisogei. Nimejaribu kwa bando, nimejaribu kwa jirani. WAN inasoma 100.72.15.9.

---

#7 mama_seva

Hiyo ni CGNAT, ndugu. 100.64.0.0/10, yaani 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255, ilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma kuwaweka wateja nyuma ya NAT yao. Wewe una NAT, mtoa huduma ana NAT nyingine juu yako, na DNAT ya kwake huwezi kuigusa. Pakiti inafia kwake.

WAN ikisoma 10.x, 172.16 hadi 172.31, au 192.168.x ni hadithi ileile, au kuna modemu mbele inayofanya NAT. Pima hivi: linganisha IP iliyo kwenye WAN ya ruta na ile inayoonekana kwenye tovuti za "IP yangu ni ipi". Zikitofautiana, usihangaike na kanuni.

Na msitegemee hali hii iishe kwa IPv4. AFRINIC, inayogawa anwani Afrika, iliingia awamu ya mwisho ya kuhifadhi IPv4 Januari 2020. Tangu hapo mgawo haupiti /22, anwani 1,024.

Chaguo: omba IP ya kudumu kwa malipo, tumia IPv6 kama ipo, au kodi VPS (seva ya mtandaoni yenye IP ya umma) na upitishe kwa WireGuard (aina ya VPN). Hilo la tatu linafaa hata kwa watengenezaji wanaopokea kolbaki za M-Pesa (taarifa za malipo zinazotumwa kwenye seva yako), maana kolbaki inahitaji anwani inayofikika kutoka nje.

---

#8 FundiPakiti

Kwa hilo la VPS. VPS ni 10.9.0.1 ndani ya handaki, nyumbani ni 10.9.0.2. Kwenye VPS:

```
sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1
iptables -t nat -A PREROUTING -i eth0 -p tcp --dport 443 -j DNAT --to-destination 10.9.0.2
iptables -t nat -A POSTROUTING -o wg0 -d 10.9.0.2 -j MASQUERADE
```

Upande wa nyumbani weka `PersistentKeepalive = 25`, kwa sababu CGNAT inasahau UDP iliyonyamaza, na VPS haiwezi kukupigia ikishasahaulika.

Mstari wa tatu ndio watu wanauruka. Bila huo, pakiti inafika nyumbani ikiwa na mtumaji halisi wa intaneti, na yanatokea mawili. Kwanza, WireGuard inaitupa kama `AllowedIPs` (orodha ya IP zinazokubalika) ya nyumbani ni 10.9.0.1/32 tu, kwa sababu mtumaji hayumo. Pili, hata ikipita, seva inajibu kupitia laini ya kawaida badala ya handaki.

Ukitaka kuona IP halisi za wageni, ondoa mstari huo, weka `AllowedIPs = 0.0.0.0/0` pamoja na `Table = off`, kisha uandike njia maalumu ya kurudisha majibu handakini. Kazi ipo. Kwa kolbaki, ambapo huhitaji sana IP ya mtumaji kwenye mashine ya nyumbani, masquerade inatosha.

---

#9 zungu_la_ruta

Nina laini mbili, ether1 na ether2. DNAT iko kwenye zote. Kupitia ya ether1 inafunguka, kupitia ya ether2 kimya. Kaunta ya ether2 inapanda.

---

#10 FundiPakiti

Kaunta inapanda, maana yake ombi linafika. Tatizo ni kurudi. Seva inajibu, ruta inatazama njia kuu, njia kuu ni ether1. Pakiti inatoka ether1 ikiwa na mtumaji wa IP ya ether2. Mtoa huduma wa kwanza anaona IP isiyo yake, anaitupa, na ana haki.

Weka alama kwenye muunganisho unapoingia, tumia alama hiyo kuchagua njia ya kurudi (RouterOS 7, 192.0.2.1 ni ruta ya mtoa huduma wa pili):

```
/routing table add name=kwa-wan2 fib
/ip route add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=192.0.2.1 routing-table=kwa-wan2
/ip firewall mangle add chain=prerouting in-interface=ether2 connection-mark=no-mark action=mark-connection new-connection-mark=toka-wan2
/ip firewall mangle add chain=prerouting in-interface=bridge connection-mark=toka-wan2 action=mark-routing new-routing-mark=kwa-wan2 passthrough=no
```

Halafu fasttrack, njia ya mkato ya MikroTik kwa miunganisho iliyokwisha kuanza. Fasttrack inaruka mangle (kanuni za kuweka alama), kwa hiyo muunganisho unaanza vizuri kisha unaganda baada ya pakiti chache. Kwenye kanuni ya fasttrack ongeza `connection-mark=no-mark`. Dalili ya "ukurasa unaanza kufunguka halafu unakwama" kwenye laini mbili, anza na hapo.

---

#11 simu_ya_mezani

Na simu za SIP (za kupiga kwa intaneti)? Zinaita, upande mmoja unasikia, mwingine hausikii.

---

#12 mama_seva

SIP inaandika IP yake ndani ya ujumbe, kando na ile ya juu ya bahasha. NAT inabadilisha bahasha, barua ya ndani bado inasema "nitumie sauti 192.168.88.40". Upande wa pili unatuma sauti kwenye IP isiyofikika.

Ruta nyingi zina msaidizi wa SIP anayejaribu kurekebisha barua ya ndani, na mara nyingi anaiharibu zaidi. Mzime (`/ip firewall service-port disable sip`), kisha iambie PBX (mtambo wa simu wa ofisi) yenyewe IP yake ya nje. Kwenye Asterisk yenye pjsip ni `external_media_address`, `external_signaling_address` na `local_net`. Fungua UDP 5060, ikiwezekana kwa IP za mtoa huduma wa simu tu, pamoja na masafa ya poti za RTP (sauti) yaliyoandikwa kwenye rtp.conf, mfano wa kawaida ni 10000-20000. Kwenye DNAT ya masafa, usiandike `to-ports`, poti zibaki zilivyo.

IPsec (aina nyingine ya VPN) nayo ina lake: masquerade inabadilisha mtumaji kabla sera ya IPsec haijasomwa, handaki linawaka lakini hakuna kinachopita. Ongeza `ipsec-policy=out,none` kwenye masquerade.

---

#13 kijana_wa_tegeta

Kuna mtu kaniambia NAT ni ulinzi tosha, na nikibadilisha poti 3389 (Remote Desktop ya Windows) iwe 33890 nje niko salama.

---

#14 FundiPakiti

Kakudanganya mara mbili. NAT inatafsiri anwani. Anayekataa ni faiawoli. Aliye kwenye sehemu ileile ya WAN akielekeza njia ya 192.168.88.0/24 kwako, ruta isiyo na kanuni za FORWARD itampitisha.

Na kubadilisha poti kunapunguza kelele kwenye logi tu. Wanaopekua intaneti wanapekua poti zote. Programu hasidi ya Mirai ya 2016 ilijaza jeshi lake kwa DVR na kamera zilizokuwa wazi kwa Telnet zikiwa na nenosiri la kiwandani. Ukilazimika kufungua, weka `src-address-list` ya wanaoruhusiwa. Kwa kompyuta za 3389, usifungue kabisa: pita kwa VPN.

---

#15 mama_seva

Kabla hujaleta swali, pima kwa madirisha mawili:

```
tcpdump -ni eth0 tcp port 8443
tcpdump -ni eth1 host 192.168.88.20 and tcp port 443
```

SYN (pakiti ya kuanzisha muunganisho) haionekani eth0: CGNAT, au mtoa huduma kazuia poti. SYN iko eth0 haipo eth1: kanuni ya DNAT au FORWARD. SYN iko eth1 bila jibu: seva yenyewe, yaani faiawoli yake, programu imezimwa, au geti lake (gateway) halijaelekezwa kwenye ruta hii. Jibu liko eth1 lakini halitoki eth0: njia ya kurudi, rudi #10.

Kwa wenye hosteli na wateja wengi: ikianza kukatikakatika jioni, usikimbilie kusema poti zimeisha. IP moja ya umma ina poti zaidi ya 64,000 kwa kila seva ya mwisho wa safari, na poti ileile inaweza kutumika tena kwa seva nyingine. Kinachojaa mapema ni jedwali. Linganisha `net.netfilter.nf_conntrack_count` na `nf_conntrack_max`. Kwenye dmesg utakuta `table full, dropping packet`.

---

#16 nyangumi254

Hairpini imekubali, asante sana. DVR ya pili, 192.168.88.21, bado imegoma: SYN inaonekana upande wa ndani, jibu hakuna. Kutoka ndani inafunguka bila shida.

---

#17 mama_seva

Angalia geti kwenye menyu ya mtandao ya hiyo DVR. Kwa majirani wa ndani haihitaji geti, kwa hiyo ndani itafunguka hata likiwa na makosa.

---

#18 nyangumi254

192.168.1.1. Nimeandika 192.168.88.1, imefunguka.